Plagi za Hita na Alhamdu ya Maalim Omari

Niliporudi Bagamoyo kutoka Maskati na diploma yangu ya ufundi wa injini za dizeli, watu walinipa muda. Wenye roho ngumu walinipa mpaka mvua za vuli, wenye huruma wakanisogezea mpaka Idi. Walisema mtu aliyezoea kiyoyozi hawezi kulala chini ya gari kwenye mchanga. Walisema diploma haifungui nati. Walisema mtu wa pwani hatoi hela yake apimiwe kitu asichokiona kwa macho. Na kubwa kuliko yote, walisema vile vitu vya watu nilivyokopa ili nifungue gereji havitarudi kwa wenyewe, na shangazi yangu Zuhura atanyeshewa na masika kwa ajili ya kiburi changu.

Sasa nimestaafu, na funguo nimekabidhi. Ninyi vijana mnaobaki mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau, ingawa mimi si mtu wa kusahau. Mishahara na vyeo siviandiki. Vyeo nilijipa mwenyewe, kwa hiyo havina hadithi. Nitaandika vitu vinavyofaa kazini, na mkiona mahali najisifu, msidhani mmesoma vibaya. Mtu aliyeondoka Mlingotini na nguo zake ndani ya mfuko wa rambo, akarudi na cheti chenye mhuri wa dhahabu, akijinyamazia anakuwa amewadhulumu wenziwe.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa huko Maskati, kwenye karakana ya malori. Nilidhani nitapewa injini. Nilipewa beseni la dizeli na rundo la nati za kuosha, na nikaziosha mpaka vidole vikakunjamana kama vya mtu aliyetoka kuzama. Msimamizi wetu alikuwa Mhindi mfupi tuliyemwita Usta Kutty, mtu asiyepaza sauti hata lori likimkanyaga kiatu. Jioni alichukua nati moja katika zile nilizoosha, akaitazama juani, akairudisha katika beseni. Kesho yake niliosha upya zote.

Yeye ndiye aliyenifundisha plagi za hita. Huko ndani ya Omani kuna milima yenye baridi ya kukata mifupa, na malori yaliyolala juu kule asubuhi yalikuwa hayawaki. Usta Kutty akanichukua. Akaniambia injini ya petroli ina cheche, lakini ya dizeli haina. Dizeli inawashwa na joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na injini ikiwa baridi lile joto halitoshi. Ndipo inapohitajika ile plagi nyembamba kama penseli, inayoingia mpaka kwenye kijichumba cha moto, ikapata umeme wa betri na kuiva nyekundu kwenye ncha kabla hujapiga starta. Injini ikishawaka, kazi yake imekwisha. Ndiyo maana watu huisahau.

Alinifundisha pia jambo jingine, ambalo wakati ule nililiona la mzaha. “Kabla hujagusa gari,” aliniambia, “mwambie mwenyewe aliwashe kama anavyoliwasha nyumbani kwake. Simama, tazama, funga mdomo.” Kufunga mdomo ndilo somo lililonichukua miaka mingi zaidi. Diploma niliipata haraka kuliko hilo, tena kwa masomo ya jioni, baada ya kutwa nzima ya kazi, darasa zima nikiwa mimi peke yangu niliyekuja na mafuta kwenye kucha.

Nikarudi nyumbani. Vifaa vya mkononi nilikuja navyo: spana, soketi, mita ya kupimia umeme, taa ya kupimia. Lakini gereji haifunguliwi kwa mita. Ardhi nilipewa na Bwana Nassor, mfanyabiashara wa unga na mchele ambaye wazee wake walitoka huko huko Omani nilikotoka mimi kufanya kazi. Akanikopesha uwanja wa nyuma ya ghala lake, kodi nilipe nikishasimama. Jiliwa, yaani lile koleo kubwa linalofungwa mezani la kubania vyuma, nililiazima kwa Fundi Chande, mwenye gereji ya kando ya barabara. Chande aliniambia bila kuficha: “Chukua, Diploma. Nakuazima ili siku ukifunga niwe na sababu ya kuja kucheka.” Toka siku ile hakuniita tena kwa jina langu la Seif.

Na paa nilipewa na shangazi. Alikuwa amejinyima muda mrefu akanunua mabati mapya ya kuezekea nyumba yake, ambayo makuti yake yalikuwa yamechoka. Mabati yamesimama ukutani, bado yanang'aa. Alinisikiliza nikimweleza habari za gereji, kisha akanikata.

“Seif baba, unataka nini? Sema, ndizi zinaungua.”

“Nataka mabati yako, shangazi.”

Akageuza ndizi. Akageuza tena. “Masika ndiyo kwanza yamekwisha,” akasema. “Mpaka masika mengine nina nafasi. Vuli nitajikaza. Lakini masika hapana, mwanangu. Masika yakinikuta chini ya makuti haya, nyumba itanilalia. Na nataka mapya, sitaki unirudishie haya yamejaa matundu ya misumari.”

Nikamwambia atayapata kabla ya tone la kwanza. Ikawa ndiyo ahadi yangu, na mji mzima ukaijua, kwa sababu shangazi hana siri na jirani zake wana masikio.

Sasa nieleze nilichokikuta, maana vijana wa leo hamwezi kuamini. Plagi za hita zilikuwa zinadharauliwa. Fundi akiulizwa husema, “Hizo ni za Ulaya, huku kuna barafu?” Zikiungua zinaachwa humo humo kama meno mabovu. Asubuhi gari likigoma, mtu analowesha kitambaa kwa petroli, anakiweka mdomoni mwa njia ya hewa, anapiga starta, injini inaitika kwa kishindo kama imepigwa rungu. Inawaka, ndiyo. Na kila asubuhi ya namna ile inakula pistoni kidogo kidogo, mpaka siku mwenye gari anaambiwa injini imekufa kwa umri. Niliwaambia watu: joto la Bagamoyo linakutosha wewe, haliitoshi injini iliyochakaa. Njoo kipupwe, upepo wa kusi unavuma alfajiri na umande umelala kwenye boneti, uone kama haitatema moshi mweupe na kukataa.

Kupima kwenyewe ni kazi rahisi, ndiyo maana wengi wanaikosea. Juu ya plagi zote kuna ukanda mmoja wa chuma unaozigawia umeme. Ukipima ukanda ukiwa bado umefungwa, plagi moja nzima itajibu kwa niaba ya zilizokufa, nawe utasema zote zinafanya kazi. Fungua ukanda kwanza. Kisha chukua taa ya kupimia, upande mmoja kwenye chanya ya betri, upande wa pili kwenye kichwa cha plagi moja moja. Ikiwaka taa, plagi inapitisha. Isipowaka, imekufa. Kwa mita, plagi nzima inaonyesha ukinzani mdogo sana, karibu na hakuna. Iliyokufa haionyeshi kitu kabisa. Usisahau kuzigusanisha kwanza nyaya za mita yenyewe, ujue zenyewe zina ukinzani kiasi gani. Na plagi zikiwa nzima zote lakini gari haliwaki, rudi nyuma uangalie kama umeme unafika. Nimeona fundi akitupa plagi nzima wakati waya umeliwa na panya.

Kuzitoa ndiko kunakomtenganisha fundi na mtu mwenye spana. Injini iwe na uvuguvugu, usizitoe plagi ikiwa baridi. Safisha pembeni kwa brashi, mchanga usije ukadondokea ndani. Mimina mafuta ya kulegeza kutu, kisha nenda ukanywe chai, na nasema chai si kwa utani. Ukirudi, legeza kidogo, kaza kidogo, legeza. Ukitumia nguvu plagi itakatikia ndani, na hapo utamweleza mwenye gari kwa nini unamfungulia injini nzima kwa ajili ya kitu kidogo kama kidole. Mimi haijanikatikia hata moja maisha yangu yote. Andikeni hilo. Ikitoka, ifunge kwenye jiliwa, iguse na betri kwa waya, uone inavyoiva: lazima ncha ianze. Ikiiva kiunoni kwanza, itupe. Ya kurudisha anza kwa vidole, kaza kwa adabu.

Kwa maarifa hayo nilikaa nyuma ya ghala la Bwana Nassor, na wateja hawakuja. Walikuja wa kupima upepo wa matairi. Bwana Nassor akipita ananitazama, anatazama uwanja, anasema, “Mwenyezi Mungu atafungua, kijana,” kwa sauti ya mtu anayefikiria ni wapi pengine pa kuweka magunia.

Kipupwe kilipoingia, nikaletewa pikapu ya Maalim Omari.

Kila mtu alimjua Maalim Omari. Alikuwa na chuo cha Kurani mtaani kwetu, na nusu ya wanaume wa mji walijifunza kusoma mbele yake, mimi nikiwemo. Pikapu yake ya dizeli haikuwa yake peke yake. Ndiyo iliyobeba wagonjwa wa mtaa, ndiyo iliyobeba majeneza, na kama kuna harusi Fukayosi ndiyo iliyobeba masufuria. Gari lile likigoma, watu wengi wanakwama. Lilifika kwangu likivutwa kwa kamba.

“Shikamoo Maalim.”

“Marahaba mwanangu. Nasikia umesomea haya mambo.”

“Nimesomea, Maalim.”

“Basi nisomee na mimi. Fundi Chande ameniwekea plagi mara nyingi mno. Zinakaa wiki chache, zinakufa. Anasema ni plagi mbovu za Kariakoo.”

Nikapima. Zote zimekufa. Nikazitoa, ncha zimeyeyuka kama mshumaa. Chini ya usukani nikaona kitufe, cha honi ya zamani, kimefungwa waya mnene moja kwa moja kutoka betri mpaka kwenye plagi. Hicho hakikunishangaza. Magari haya yakitoka kiwandani yana kifaa kinachohesabu muda chenyewe, kinazipa plagi moto mkali kwa muda mfupi tu, kisha kinakata. Kifaa kikifa, mafundi wetu wanaweka kitufe: ubonyeze, usubiri, upige starta. Kasoro yake ni kwamba zile plagi za asili zilikuwa za volti sita, na betri ni ya kumi na mbili. Ukishikilia kidogo zinaiva haraka, ukishikilia sana zinaungua.

“Maalim, hiki kitufe unakibonyeza muda mrefu?”

“Hata. Muda mfupi tu.”

Mimi nani nimkadhibishe Maalim? Na gari halikuweza kuwashwa nikamwona. Nikaweka plagi mpya, nikaziweka vizuri kuliko zilivyowekwa kiwandani, na kwa sababu watu walikuwa wamesimama kusikiliza, nikatangaza: “Maalim, hizi zikiungua kabla ya masika, nakubadilishia bure.” Watu wakanong'ona. Hakuna fundi Bagamoyo aliyewahi kusema hivyo. Sikujuta wakati ule na sijuti leo, ingawa zilikuja siku ambazo majuto yalikuwa na sababu.

Zikaungua. Kabla hata kipupwe hakijaisha, pikapu ikarudi kwa kamba ile ile, na safari hii Fundi Chande akaja kwa miguu nyuma yake.

“Diploma! Nasikia umenunua kaburi la plagi.”

“Fundi, nenda kafanye kazi.”

“Kazi gani? Wateja wangu wote wako hapa wanatazama.”

Nilikuwa nimeanza kuweka fedha ya mabati ya shangazi, kidogo kidogo. Plagi za Maalim zikala sehemu yake kubwa. Jioni ile nilimpitia shangazi, nikamkuta amepanda juu ya kinu, anachomeka kipande cha turubai kwenye makuti. Hakuniuliza. Angeniuliza ingekuwa nafuu.

Sasa nikakumbuka Usta Kutty. Nilimbadilishia plagi, gari likawaka wiki chache, na kabla hazijaungua tena nikamwambia Maalim, “Kesho nitakuja kwako baada ya swala ya alfajiri. Nataka uliwashe mbele yangu kama unavyoliwasha siku zote. Mimi nisiwepo.”

“Usiwepo na unakuja?”

“Nitakuwepo kwa macho tu.”

Kulipopambazuka nikawa uani kwake, boneti imefunguliwa, nimefunga mita yangu ya sindano kwenye ule waya mnene. Mita ile inaonyesha umeme unaokwenda kwenye plagi. Zikiwa nzima zote, sindano inapanda juu. Ikifa moja, inashuka ngazi moja. Watu waliotoka msikitini walisimama ukutani, na Chande miongoni mwao. Maalim akapanda, akafunga mlango, akabonyeza kitufe. Sindano ikapanda vizuri. Nikasema moyoni, sasa atapiga starta.

Hakupiga. Alifumba macho, akaanza: “Bismillahir-Rahmanir-Rahim.”

Na kidole kiko juu ya kitufe.

Mnaomjua Maalim Omari mnajua kisomo chake. Kila herufi inapewa haki yake, kama kanuni za tajwidi zinavyotaka. Penye kuvuta anavuta, penye kusimama anasimama, na baina ya aya na aya anapumzika kama mtu aliyefika kituo na hana haraka ya kituo kinachofuata. Alisoma “Alhamdu lillahi Rabbil-alamin”, akapumzika. Harufu ya joto ikaanza kunifikia. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Jamani, nimwambie nini? Mtu anasoma Alhamdu, sura isomwayo katika kila swala. Mtu aliyenifundisha mimi mwenyewe kuisoma, akinirudi kwa ufito nilipokuwa nakimbiza. Naye yuko katikati ya maneno ya Mungu, na watu wa msikitini wamesimama wameinamisha vichwa. Nani atakayepaza sauti kusema, “Maalim, kata, plagi zinaungua”?

Nikasimama mikono kifuani kama wenzangu. Alipofika “Maliki yaumid-din”, sindano ikashuka ngazi moja. Plagi imekwenda. “Iyyaka naabudu”, akavuta vizuri kabisa, nyingine ikaifuata. Nilisikia fedha ya mabati ya shangazi ikiondoka kwa tajwidi. Alipofika mwisho akavuta ile “walad-dhaaaalin” kama inavyotakiwa kuvutwa, na sindano ikalala chini kabisa kama imesikia usingizi.

“Amin,” wakasema watu.

“Amin,” nikasema na mimi.

Maalim akapiga starta. Ikazunguka, ikazunguka, moshi mweupe, hakuna. Akatoa kichwa dirishani. “Umeona mwanangu? Dua nimeomba, na bado.”

“Maalim, ni nani aliyekuambia ubonyeze hivyo?”

“Chande. Alisema: bonyeza, soma Alhamdu, ukimaliza piga starta.”

Watu wote wakageuka. Chande akarudi nyuma mpaka akagusa ukuta. “Mimi nilisema hivyo kwa kukadiria muda!” akasema. “Ni kipimo tu! Mimi nikiisoma Alhamdu, plagi zinakuwa zimeiva barabara, haziungui!”

“Isome,” Maalim akamwambia.

“Hapa?”

“Hapa.”

Chande akaisoma. Aliisoma kama mtu anayekimbia mvua, pumzi moja, mwanzo umeshikana na mwisho. Watu wakauma midomo wasicheke. Maalim akamgeukia kutoka dirishani.

“Chande mwanangu,” akasema taratibu, “plagi zako zinapona, lakini swala zako zina hali gani?”

Hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Hata mimi niliyepoteza plagi nilicheka nikashika bampa.

Lakini kazi ilikuwa bado. Nikamsogelea Maalim dirishani, nikamweleza kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi. Kwamba kisomo hakina kosa hata kidogo. Kwamba kosa ni la kidole. Nilikuwa naogopa atafikiri namwambia aifupishe, na nilijua hatakubali, wala nisingependa akubali.

Akanisikiliza mpaka mwisho. “Kwa hiyo,” akasema, “nikiisoma kabla sijabonyeza?”

“Ndiyo, Maalim. Mikono ikiwa mapajani. Ukishasema Amin, ndipo ubonyeze, useme Bismillahi moja, upige starta.”

Akafikiri. “Na hiyo ndiyo adabu yenyewe. Mtu hamwombi Mungu huku mkono wake umeshaanza kazi bila ya kusubiri jibu.” Akashuka kwenye gari. “Nina miaka naendesha, na ni leo nimejua kwamba nilikuwa naomba kwa pupa.”

Nikamwekea plagi nyingine. Safari hii nikamtafutia za volti kumi na mbili, ambazo zinachelewa kidogo kuiva lakini zinavumilia kitufe. Nilizilipa mimi, kwa ahadi yangu. Fedha ya mabati ikaisha yote. Vuli ikaja, na nilipokwenda kwa shangazi nilikuta mabeseni yamepangwa chumba kizima, hata kitanda kimehamishwa kikakaa karibu na mlango, palipobaki pakavu. Aliniona natazama. “Ya vuli ni maji ya kufulia,” akasema. “Masika ndiyo tutazungumza.” Nikarudi gereji nikakaa chini ya mabati yake makavu, na sijawahi kukaa mahali pakanichoma vile.

Ninachowaambia vijana ni hiki: wateja hawakuletwa na diploma peke yake, ingawa bila diploma nisingejua pa kufunga ile mita. Waliletwa na darsa la Maalim Omari. Alilitoa lile jambo kama mfano, msikitini, mbele ya watu wa mji na wa vijijini. Alisema Chande alimpa kipimo, mimi nikampa utaratibu. Alisema mtu atangulize dua, kisha mkono. Na alipomaliza akaongeza, bila kuombwa, kwamba pikapu yake sasa inawaka kwa starta moja, na fundi anakaa nyuma ya ghala la Bwana Nassor.

Wiki iliyofuata nikaamka nikakuta magari yamepanga foleni mpaka barabarani. Walikuja wenye pikapu za kubebea mahindi kutoka Fukayosi. Likaja basi dogo la Mkange ambalo abiria wake walikuwa wamezoea kulisukuma kila alfajiri kama sehemu ya nauli. Wakaja mpaka watu wa Ubena, waliopita gereji kumi njiani. Kila mmoja niliketi naye kwenye gari lake nikamwambia aliwashe kama anavyoliwasha kwao. Hapo ndipo nilipoona mambo. Yupo aliyehesabu kwa kuvuta sigara. Yupo aliyebonyeza kisha akamwita mkewe amletee koti. Yupo mzee mmoja Mkwere aliyekuwa akilisalimia gari kwanza, kwa urefu, na kulijulia hali, na kidole kiko kwenye kitufe muda wote; naye nikamwambia alisalimie akiwa nje. Sikumcheka hata mmoja mbele yake.

Joto la kaskazi likaisha, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa bahari kila mchana. Na siku ile ikafika. Niliamka, nikavaa kanzu, nikaenda kulipa.

Nilianza kwa Bwana Nassor. Nikamwekea kodi ya miezi yote mezani. Hakuhesabu mbele yangu, ila aliagiza kahawa, na kwa Bwana Nassor kahawa ni risiti. “Nilishapata mtu wa kuweka mbao pale,” akaniambia. “Nitamwambia pamejaa.”

Kisha nikamrudishia Fundi Chande jiliwa lake, nimelisafisha na kulipaka grisi. Alilizungusha, akalitazama kila upande akitafuta kasoro, akakosa. “Sasa Diploma, nitakucheka kwa lipi?”

“Utatafuta, Fundi. Mimi nakuamini.”

Akakuna kichwa. “Ile mita yako ya sindano. Inapatikana wapi?” Nikamwelekeza. Na tangu siku ile akaniita Fundi Seif, ingawa akisahau, Diploma ilimtoka.

Mabati ya shangazi niliyabeba kwa pikapu ya Maalim Omari, naye Maalim mwenyewe ndiye aliyeendesha. Mapya, mazito kuliko yale ya kwanza, hakuna hata moja lenye tundu. Mafundi wakayashusha makuti, na kufikia alasiri wakapiga msumari wa mwisho. Walikuwa bado hawajashuka ngazi mvua ikaanza. Masika yaliingia siku hiyo hiyo, kama yaliyokuwa yanasubiri kwenye kona.

Nilikaa ndani na shangazi. Mvua ilipiga lile bati jipya kwa kishindo, hatukuweza kusikilizana. Nilitazama juu, kona hadi kona. Hakuna tone. Nikamgeukia nikijua nitasifiwa, na kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kusifiwa.

Shangazi alikuwa ameziba masikio kwa mikono yote miwili.

“Kelele gani hizi!” akapiga ukelele. “Makuti yalikuwa yananilaza!”

“Nikuondolee, shangazi?”

“Thubutu!” Akavuta mkeka mpaka katikati ya chumba, pale pale palipokuwa na mabeseni, akajilaza chali, akatazama juu. “Thubutu uyaguse.”